Namba Sitini na Mbili

Bamba la shaba chini ya dashibodi lasema:
*thelathini na nane, kati ya sitini na moja.*
Basi. Kiwanda hakikuunda mengine,
kilifilisika huko Uingereza, mvua ikinyesha,
na watu wa kule wakaendelea kunywa chai.

Hili letu lilishuka Kilindini ndani ya sanduku la mbao,
likapanda treni, likafika Nakuru na vumbi la Mtito
na nembo ya mwewe puani.
Bwana Thorold alilinunua kwa pesa za pareto.
Pareto aliichuma nyanya yangu, pamoja na wengine,
senti kumi kwa debe.

Liliundwa kwa safari ndefu za starehe:
asubuhi London, jioni milima ya theluji, hoteli, mvinyo.
Huku lilipewa njia ya Timboroa,
matope, ng'ombe, lori la magogo likipanda kwa gia ya kwanza.
Ila Jumapili moja, Gilgil kuja Nakuru,
mshale uligusa mia moja arobaini.
Maili.
Harbans aliapa kwa kilemba chake. Alikaa kiti cha kushoto
amepakata galoni ya oili kama mtoto mchanga.

Mwaka wa bendera Bwana akauza shamba, akauza ng'ombe, akauza piano.
Gari akaliacha gereji, gasketi imeungua.
Dawa ya deni kulipa; yeye alilipa kwa kuondoka.
Harbans akaandika daftarini
*shilingi elfu moja mia mbili na nne, gari moja,*
akalifunika turubai.
Naye alipohamia Leicester kwa wanawe
alimwachia baba funguo, daftari, na bili ile ile.
Ndivyo tulivyorithi deni tukidhani ni mali.

Baba, Wafubwa, fundi wa bodi, mkono wa kushoto vidole vitatu,
hakuwahi kuwa na leseni.
Mwaka wa njaa aliing'oa injini, silinda zote nane,
akaifunga kwenye kinu cha posho kule Njoro.
Ikasaga mahindi ya njano ya msaada
ikinguruma kana kwamba bado iko Gilgil.
Kina mama waliziba masikio, wakacheka, wakajitwika.
Unga ulitoka una joto, unanukia petroli kidogo.
Tuliula.

Kisha akairudisha.
Kabureta aliichonga kwa shaba ya bomba la kanisani.
Boneti aliigonga kutoka mapipa ya kiwanda cha pareto:
ukilala chini ukamulika, maneno ya SUMU bado yasomeka.
Viti ni ngozi ya mbuzi. Mmoja wao namkumbuka kwa jina.
Taa ya kulia ni ya trekta, ndiyo maana linakodoa.

Jana alikuja mnunuzi, mtu mpole, soksi nyeupe,
na kioo kidogo kama cha daktari wa meno.
Aligonga bodi kwa ukucha, akasikiliza.
Akauliza: kilichobaki cha asili ni kipi?
Nikamwonyesha honi. Nikamwonyesha bamba.
Akaguna. Gari hakulitaka.
Bamba angelichukua, bamba tu,
kwa bei iliyoishinda gereji hii na ploti yake.

Skrubu nne. Tatu zilitoka kwa bisibisi,
ya nne kwa nyundo na matusi ya baba.
Lilikuwa jepesi, uzito wa kijiko.
Akalifunga kwa kitambaa, akanishukuru mara mbili,
akaenda zake kulitafutia gari.

Nilifungua daftari la Harbans, ukurasa umekauka kama chapati ya juzi,
nikaandika: *imelipwa.*
Pale palipokuwa na bamba pana mraba uliong'aa
usiowahi kuona jua la Nakuru.
Nikachukua msumari na nyundo ndogo,
nikatoboa, nukta kwa nukta:
sitini na mbili.

Nikapiga stata. Likakataa. Likakataa tena.
La tatu likakohoa hadi mabati ya paa yakajibu,
na nyuma, kwenye ekzosi, likatema kitu cheupe.
Moshi, atasema mtu mwingine.